WAZIMU NI NINI, NA NANI ANA HAKI YA KUUTAJA?



Mara nyingi katika gazeti letu hili sisi makapita tunaandika juu ya usafi, juu ya kuchelewa ku sala ya asubui, na juu ya masahani yanayopotea bila mtu kujua yameenda wapi. Leo naomba ruhusa niache masahani. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo tuliliona kwa macho yetu hapa hapa, na ambalo wengi wanalicheka mpaka leo.

Wale waliokuwa hapa mwaka uliopita wanakumbuka kipindi cha pili. Mwenzetu mmoja wa darasa letu, jina lake sitalitaja, aliacha kulala. Usiku wa kwanza tulizani anajifunza kwa ajili ya mtihani wa hesabu. Usiku wa pili alikuwa anatembea kati ya vitanda na kusema na mtu ambaye sisi hatukumwona. Usiku wa tatu akatoka inje, akavua nguo zake zote chini ya mikalitusi, akalalamika kwamba redio ya mlinzi inataja jina lake mbele ya watu wote. Redio ya mlinzi ilikuwa haina mawe tangu Noeli.

Sisi wanafunzi tulikuwa na neno moja tu: wazimu. Tukamkamata, tukamfunga mikono na miguu ku kitanda. Kamba niliileta mimi, ile ya kuanikia nguo. Naandika jambo hili mbele ya mengine yote, mtu asije akasema kapita anafundisha wengine na yeye mwenyewe anajificha.

Kesho yake mangaribi watu wakubwa wakakusanyika ku baraza ya infirmie. Mimi nilitumwa kuleta viti, basi nikasikia maneno yote. Infirmie akasema: «Inaweza kuwa malaria ya kichwa, tupime damu kwanza.» Mchungaji wetu akasema ni vita vya kiroho, inafaa kufunga na kuomba. Mujomba wa mgonjwa, aliyefika na kamio ya makabichi, akasema katika jamaa yao kuna mabishano ya shamba, tena kuna mtu «mwenye kumutumia ile kitu». Lakini tate yake hakukubali neno la mujomba. Kwake yeye, mtoto alipewa jina la babu aliyekufa, na hakuna mtu aliyetimiza desturi ya lile jina. Sasa wazee wanamwita. Sisi wanafunzi tulisimama mbali kidogo na neno letu la wazimu.

Damu ikapimwa, malaria haikuonekana. Infirmie akanyamaza. Na pale yeye aliponyamaza, wengine wakaendelea kusema.

Angalia vizuri, msomaji. Hakuna hata mtu mmoja aliyebisha juu ya yale kijana alikuwa anafanya. Wote walikubali kwamba hayuko sawa. Mabishano yalikuwa juu ya jina. Na kila jina lilikuwa na njia yake: jina la infirmie lilikwenda ku lopitali, la mchungaji ku chumba cha maombi, la mujomba kwa mufumu, la tate ku kaburi pamoja na kuku mweupe, na letu lilikwenda ku kamba. Mgonjwa ni mmoja, barabara ni tano. Tangu siku ile sikuacha kujiuliza: watu wa inchi mbalimbali wanaita nini wazimu, tena wanautambuaje? Nimetafuta mu vitabu vya masomo yetu na mu vile ambavyo mwalimu wetu wa psikolojia alinikopesha, na nimekuta mambo ambayo sikuyatazamia.

Tuanze na maneno yenyewe, sababu neno linajua mambo ambayo mwenye kulisema ameyasahau. Wazimu na mzimu ni ndugu. Mtu anayesema «huyu ana wazimu» amekwisha kutaja habari za wafu, hata kama ni mwalimu wa biolojia. Waarabu wanasema majununi, ni kusema mtu aliyeingiwa na jini. Wafaransa katika sheria zao za zamani waliandika aliéné, na neno hilo linatoka ku Kilatini, maana yake ni mtu aliyekuwa wa mwingine, mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wengine walishitaki mwezi. Fungua Matayo sura ya 17, pale baba anapomleta kijana wake anayeanguka mu moto na mu maji. Biblia ya Kifaransa ya Segond inasema yule kijana ni lunatique, mtu wa mwezi, na ndivyo Kiyunani chenyewe kilivyosema. Biblia yetu ya Kiswahili inasema ana kifafa. Watafsiri wawili, kijana mmoja: huyu amempa mwezi, huyu amempa ugonjwa. Nilipomwonyesha mwalimu wetu wa dini, alicheka, halafu akaniomba nimwachie ile karatasi.

Sasa, je, kama kila watu wana neno lao, wazimu wenyewe unabadilika kwa kila mupaka? Ao ni kitu kimoja chenye majina mengi? Kwa swali hili mfano wa kwanza nimeupata katika Samweli wa Kwanza, sura ya 21. Daudi alikuwa anamkimbia Sauli, akaangukia mu mikono ya Akishi, mfalme wa Gati, na Wafilisti walikuwa na sababu nzuri ya kumwua. Akajifanya mwenye wazimu: akakwaruza milango, akaacha mate yashuke mu ndevu. Akishi akaamini, akakasirika juu walimletea mtu wa namna ile, akamwacha. Mara nyingi tunasoma hadisi hii juu ya akili ya Daudi. Mimi naiona namna ingine. Daudi alikuwa Mwebrania, Akishi alikuwa Mfilisti, miungu yao haikupatana hata kidogo. Lakini Daudi alijua bila kuuliza mtu ni alama gani zitamdanganya mgeni. Kumbe alama zilikuwa zimevuka mupaka mbele yake.

Na wenye elimu wa siku zetu walikuta vile vile. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Robert Edgerton, alitangaza uchunguzi wake juu ya makabila manne ya Afrika ya Mashariki: Wasebei wa Uganda, Wapokot na Wakamba wa Kenya, na Wahehe wa Tanzania. Aliwauliza watu wa kawaida, wakulima na wachungaji wa ngombe: mtu mwenye wazimu anafanya nini? Majibu yalifanana sana. Anatembea uchi, anakimbia ovyo, anasema maneno yasiyo na kichwa wala mkia, anapiga watu, anajificha mu pori. Ungeweza kuyaandika majibu yale na kuyaleta ku soko letu hapa, mama wauza fumbwa wangesema: ndiyo, ni yeye.

Lakini alipouliza «unatoka wapi?», njia zikaachana. Wakamba na Wahehe walisema sana juu ya uchawi. Wasebei na Wapokot walisema ni mdudu, funza aliyeingia mu ubongo upande wa mbele. Hapa mimi nilifurahi. Nikawaza: tazama, hawa wa mdudu wamekaribia sayansi, hawashitaki jirani, bila shaka wanawatunza wagonjwa wao vizuri kuliko wale wengine. Nilikosea kabisa. Wapokot na Wasebei ndio waliokuwa na tumaini kidogo: mdudu akiisha kuingia, nani atamtoa? Wagonjwa wao walitendewa kwa ukali. Wahehe na Wakamba, pamoja na uchawi wao, waliamini kwamba mgonjwa anaweza kupona. Nazani ni kwa sababu kitu mtu alichofunga, mtu anaweza kukifungua. Basi jina la kizungu siyo kila siku jina la huruma, na jina la zamani siyo kila siku jina la ukatili. Naomba wenzangu wa sehemu ya biokimia wanisamehe.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja, Jane Murphy, akaandika juu ya watu walio mbali sana: Waeskimo wa kisiwa kimoja karibu na Alaska, na Wayoruba wa Nigeria. Wale wanakaa mu barafu, hawa mu joto kama letu. Kila mmoja ana neno lake: wale wanasema nuthkavihak, hawa wanasema were. Na alama tena zinafanana: kusema peke yake, kucheka pahali hakuna cha kuchekesha, kuokota majani na vijiti bila kazi. Neno lililonipendeza zaidi ni hili. Waeskimo wale wana mganga wao wa mizimu ambaye akipandisha anatetemeka, anabadilisha sauti, anakuwa sawa na mnyama. Mtu wa inje angesema huyu ni mwenda wazimu wa kwanza. Wenyewe wakasema hapana: akili yake imetoka, lakini hana wazimu. Anapandisha saa yake, mbele ya watu, kwa kazi inayojulikana, halafu anarudi na kula chakula chake. Mwenye wazimu hana saa.

Katikati basi watu wanaelewana. Ni ku pembeni ndipo mambo yanapokuwa magumu, na pembeni ni pakubwa kuliko tunavyozani.

Chukua huzuni. Wakati wa ukoloni munganga mmoja Mwingereza, J. C. Carothers, alisimamia lopitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, karibu na Nairobi, tangu 1938 mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu likachapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Aliandika kwamba ugonjwa wa huzuni ni haba sana kwetu, na alilinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ndiyo, mumesoma vizuri. Lakini hesabu yake ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wale walioletwa Mathari, na nani aliyeletwa Mathari? Yule aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyetembea uchi mu barabara ya Wazungu. Mama anayekaa nyuma ya nyumba miezi mitatu bila kula vizuri na bila kusema, hakuna polisi anayekuja kumkamata.

Mwingereza mwingine, Margaret Field, alikwenda kukaa pale ambapo huyo mama anakwenda kweli. Huko Ghana, mu mahekalu ya mizimu ya Waashanti, aliwakuta wanawake wengi waliokuja wenyewe kujishitaki: mimi ni mchawi, nimekula watoto wangu, niueni. Alikuwa mwenye elimu ya desturi za watu, tena munganga wa akili, na katika kitabu chake cha 1960 alieleza kwamba wengi wao walikuwa na ule ugonjwa wa huzuni ambao walisema Mwafrika hana. Mzungu mwenye ugonjwa huo anasema: mimi ni mtu bure, nina zambi nyingi. Mama wa Ashanti alisema: mimi ni mchawi. Ni kilio kimoja, kila mtu anakiimba kwa zambi kubwa ambayo kwao inajulikana. Hili neno liliniogopesha, sababu kwetu pia kuna wazee wanaojishitaki hivyo, na sisi tunawaamini mbio mbio, wengine wanafukuzwa ao wanapigwa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitangaza uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda: walikuta wanawake wa kule wana ugonjwa wa huzuni kuliko wale wa London waliolinganishwa nao.

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Na sisi tunasema nini? «Ana mawazo mingi.» Hatusemi ni mgonjwa, hatusemi ni mwenda wazimu, tunasema mawazo inamujaa. Mwaka 2013 waganga wa Marekani waliweka lile neno la Kishona ndani ya kitabu chao kikubwa cha kutaja magonjwa ya akili. Na huko Harare, tangu 2006, munganga Dixon Chibanda alianza kufundisha wamama wazee wa mitaa: wanakaa ku benchi chini ya mti karibu na dispansere, na mtu mwenye mawazo anakuja kukaa pembeni yao na kueleza. Benchi tu, na mama mzee anayejua lugha yako.

Pembeni ya pili ni ya hatari zaidi, na juu yake sitaandika kwa upole. Ni pale mwenye nguvu anapomwita mwenda wazimu mtu anayemsumbua. Mwaka 1851, huko Louisiana mu Marekani, munganga mmoja, Samuel Cartwright, aliandika kwamba amevumbua ugonjwa mpya wa akili. Aliuita drapetomania. Dalili yake ni moja: mtumwa anatoroka. Dawa yake ilikuwa fimbo. Leo tunacheka, lakini alikuwa munganga wa kweli, na aliandika mu gazeti la waganga.

Mwanamke Nontetha Nkwenkwe, wa Afrika ya Kusini, alianza kuhubiri kisha ile homa kubwa ya 1918 iliyoua watu wengi. Serikali iliogopa mikutano yake. Mwaka 1922 wakampeleka mu lopitali ya wenye wazimu, na mwaka 1924 wakamtupa mbali zaidi, Pretoria. Waumini wake walitembea kwa miguu mamia ya kilometa kuomba aachiliwe, hawakumpata. Alikufa 1935 akiwa bado ndani, na mifupa yake ilirudishwa kwao mwaka 1998. Karibu na sisi, mu Kenya, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alipelekwa Mathari mwaka 1945, ndiyo ile lopitali ya Carothers, akatolewa 1947. Sisemi mafundisho yake yote yalikuwa mazuri. Nasema tu kwamba mtu anaweza kukosea bila kuwa mgonjwa. Hata mtume Paulo, mu Matendo sura ya 26, alipokuwa anajitetea, liwali Festo alimkatiza kwa sauti kubwa kwamba masomo mengi yamemharibu akili. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho tunalipenda sana lile fungu wakati wa Egzetat, lakini siyo la kuchekesha. Kama Paulo hangekuwa raia wa Roma, nani anajua neno lile lingempeleka wapi.

Pengine mtu atasema: basi, Wazungu ndio wabaya, sisi tunajua kutunza watu wetu. Taratibu. Minyororo hatukuipata kwa Wazungu peke yao, na wao hawakuipata kwetu. London, mu karne ya 18, watu waliingia Bethlem siku ya mapumziko kuangalia wenye wazimu, sawa na vile wadogo wa darasa la kwanza wanavyomfuata yule mama wa ku soko. Ubelgiji, mu mji wa Gent, waliwafunga mu chumba cha chini cha ngome ya zamani, mpaka mwaka 1815, padri Triest na Mabruda aliowaanzisha walipowatoa pale. Mnaona jina la munganga Joseph Guislain ku lopitali ya wagonjwa wa akili ya Lubumbashi? Alikuwa munganga wa Mabruda wale wale wa Gent. Na Sosame ya Bukavu ni kazi ya Mabruda hao mpaka leo. Njia imekuwa ndefu, lakini imefika kwetu.

Katika Ubelgiji ile ile kuna mji mdogo, Geel. Tangu zamani za kale watu walileta wagonjwa wao kuomba ku kanisa la mtakatifu Dimfna. Sisi Waprotestanti hatuombi watakatifu, lakini yaliyofuata yanafaa kujulikana na kila dini. Kanisa lilijaa, wagonjwa wakalala mu nyumba za watu. Wengine hawakurudi kwao. Wakaa na jamaa zile, wakala ku meza moja, wakalima pamoja. Mbele ya vita vya 1940 walikuwa zaidi ya 3000 mu mji mdogo ule, na mpaka leo desturi ipo, ingawa wamepunguka. Watoto wa Geel wanakua na mtu wa namna ile mu nyumba, basi hawamkimbii wala hawamtupii mawe.

Na Mwafrika mmoja, Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyesoma ku Uingereza, alifanya jambo linalofanana na lile kwa namna ya kwetu. Mwaka 1954, huko Aro, karibu na Abeokuta alipozaliwa, hakungoja lopitali kubwa yenye kuta. Alipanga wagonjwa mu vijiji vya karibu, kila mgonjwa na mtu mmoja wa jamaa yake, mama ao ndugu, wa kumpikia. Mchana wanakuja kupata dawa na sindano, mangaribi wanarudi mu kijiji kati ya watu. Tena aliwaita waganga wa asili wafanye kazi naye, siyo kwa sababu aliamini yote wanayosema, lakini kwa sababu walijua mgonjwa anaogopa nini. Lambo alimpinga Carothers kwa maandiko, na zaidi kwa vijiji vile.

Baadaye Shirika la Afya la Ulimwengu lilifuata wagonjwa wa skizofrenia mu miji tisa, tangu miaka ya 1960. Kisha miaka miwili, wengi wa Ibadan mu Nigeria na wa Agra mu Uhindi walikuwa wamepata nafuu kuliko wa London ao Washington. Wenye elimu wanabishana bado juu ya sababu, na wengine wanasema hesabu haikuwa sawa pande zote. Mimi siyo munganga. Lakini nikisoma hivyo nawaza ile meza ya Geel na ile nyungu ya Aro.

Narudi ku mwenzetu. Katika zile barabara tano alipitishwa karibu zote. Mujomba alimpeleka kwa mufumu, mbuzi wawili wakaisha. Kisha hapo watu wengine, siyo mchungaji wetu, walimchukua ku chumba cha maombi cha mbali. Alikaa pale juma tatu, amefungwa mnyororo mu mguu, na walimnyima chakula ili pepo achoke. Alama ya mnyororo iko mpaka sasa. Mimi ni mtoto wa mchungaji, nimelelewa mu maombi, na nilisoma tena Marko sura ya 5 juu ya mambo haya. Yule mtu wa makaburi, ni watu wa mji waliomfunga minyororo, na haikusaidia. Yesu alimwuliza jina. Mwisho walimkuta amekaa, amevaa nguo, ana akili zake, na Bwana akamtuma nyumbani kwa watu wake. Sikupata pahali alipomnyima chakula.

Ni yaya yake mkubwa aliyemtoa kule na kumfikisha Bukavu. Wakampa dawa, na sindano moja kila mwezi. Wakati wa likizo kubwa tate alipata pia kuku wake mweupe, na ile desturi ya jina ikatimizwa mbele ya jamaa nzima. Mujomba pia alikuja, shamba likagawanywa. Nilimwuliza mwenyewe ni nini kilichomponyesha. Alijibu: «Sindano ilinirudishia usingizi. Ile kuku ilinirudishia bandugu.» Nikamwuliza kama ni lazima kuchagua moja. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Amerudi masomoni Septemba iliyopita, amerudilia darasa, analala ku kitanda cha pembeni ya dirisha. Kuna wale wanaomwita «Redio» akipita. Wanajijua, na mimi pia nawajua.

Nilimsomea maandiko haya mbele ya kuyapeleka ku bilo kuchapwa ku stensile. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali yatoke. Amesahihisha jambo moja tu: ile kamba niliyoileta usiku ule haikuwa yangu. Ilikuwa yake, na mpaka leo hakuna mtu aliyemrudishia.